Kaneno ka F Mbili

Adolphine: Haloo? Haloo? Ni nani mwenye anapumua mu sikio yangu ivi?

Bucumi: Jambo.

Adolphine: Jambo. Ni nani?

Bucumi: Ni mutu.

Adolphine: Batu ni mingi. Kama ni we wa jana, wa kusema nimeshinda redio mu tombola, mi sichezaki—

Bucumi: Ni ule mwizi.

Adolphine: Nani?

Bucumi: Mwizi wenu wa kambi ya Lusenda. Fundi wa cherehani. Mwenye alikuwa muchumba wako mpaka wiki mbili zilizopita. Umemusahau?

Adolphine: Bucumi!

Bucumi: Njo ye.

Adolphine: Na hii numero?

Bucumi: Ya jirani, Nijimbere. Yangu si ilianguka mu ndoo ya maji? Ameniachia unité kidogo ya simu, na iko amesimama apa ananiangalia kama askari wa barrière ku barabara. Basi nitasema mbio. Mademoiselle Adolphine, nimepata meseji yako.

Adolphine: [anacheka kidogo] Umeipata? Baba yako mudogo alikuonyesha simu yake?

Bucumi: Kunionyesha? Aliisoma ku muryango wa nyumba, kwa sauti ya mahubiri! Bloki yote ilisikia. Mama mwenye anauzaka mandazi alishusha beseni chini.

Adolphine: Lakini niliandika mu Kingereza juu asielewe!

Bucumi: Nani, asielewe? Muzee Nimbona? Adolphine, ule mutu alikaa kambi ya Tanzania miaka kumi na mbili. Anasomaka mifuko ya unga kuanzia juu mpaka chini, akimaliza anasema amina.

Adolphine: Bon. Na akasoma nini?

Bucumi: Unaniuliza mi? We njo uliandika. "Tell Bucumi: only a tiff." Uliandika ama haukuandika?

Adolphine: Niliandika.

Bucumi: Ata haukatai!

Adolphine: Nikatae ya nini? Ni ukweli. Nilifikiria siku tatu mbele ya kuituma.

Bucumi: Siku tatu... [mbali na simu] Nijimbere, umesikia? Alifikiria siku tatu. [Anarudi.] Donc kwako mi ni tif tu.

Adolphine: We si tiff. We na mi, tulikuwa na tiff.

Bucumi: Sasa na we uliiba nini?

Adolphine: Kuiba?

Bucumi: Tif ni mwizi! Baba mudogo alitueleza. Uko kambini, siku moja muzungu mumoja wa shirika, walimuibia viatu. Akakimbia mu matope na soksi zake nyeupe, akilia, "Tif! Tif!" Baba mudogo anasema ile neno haitamutoka mu kichwa mpaka—

[Adolphine anaangua kicheko.]

Bucumi: Unacheka.

Adolphine: Na soksi nyeupe!

Bucumi: Mi ndoa yangu inakufa, we unacheka soksi.

Adolphine: Ngoja... ngoja nikae chini. Oo, mama wee. Bucumi, ule muzungu alisema thief! Thief! Iko na th. Unatoa ulimi kidogo kati ya meno. Mwalimu Muhire hakutuonyesha mu masomo ya Kingereza, kanisani? Toa ulimi.

Bucumi: Nitoe ulimi mbele ya Nijimbere?

Adolphine: Toa!

Bucumi: Th... thhh... Anasema unité yake si ya kutolea ulimi.

Adolphine: Ile njo mwizi. Yangu ni tiff. T, I, F, na F ingine. F mbili! Haina ulimi, haina mwizi, haina kitu. Ni kaneno kadogo tu. Mwalimu Muhire alitufundisha Jumamosi ilipita. We ulikuwa wapi Jumamosi ilipita?

Bucumi: [polepole] Nilikuwa nimekasirika.

Adolphine: Ulikuwa umekasirika. Kiti yako ilibaki bure pembeni yangu, mbuzi wa kanisa akakuya kulala apo. Neno yenye ingekuponya ilipita juu ya kichwa ya mbuzi.

Bucumi: Na maana yake njo nini sasa?

Adolphine: Ni... ugomvi kadogo. Kati ya batu wawili.

Bucumi: Batu wawili gani?

Adolphine: Batu tu. Wawili.

Bucumi: Basi si mwizi.

Adolphine: Si mwizi.

Bucumi: Mungu wangu. Mungu wangu, Adolphine.

Adolphine: Nini tena?

Bucumi: Baba mudogo amesha kutoka.

Adolphine: Kwenda wapi?

Bucumi: Kwenu.

Adolphine: Kwetu wapi?

Bucumi: Baraka mujini! Uko na kwenu mbili? Tangu saa tatu, ku moto ya Vainqueur, ule wa pikipiki. Amevaa koti. Amebeba Biblia. Anasema ukoo wetu ulipoteza nyumba, ukapoteza mashamba, lakini jina haukupoteza, na hatakuwa ye mwenye anaipoteza. Anakuja kuapa mbele ya mama yako, kisha anavunja ndoa ya Jumamosi.

Adolphine: Bucumi! Leo ni Jumatano!

Bucumi: Mi najua.

Adolphine: Kwaya imesha kujifunza nyimbo! Papa iko mu mutumbwi anatoka Ubwari, ananunulia batu samaki! Umupigie simu!

Bucumi: Anaizimaka akipanda moto. Anasema mutandao inavutaka usukani.

[Mtandao unakwaruza. Nyuma ya Adolphine kunasikika du, du, du.]

Bucumi: Ile ni nini? Adolphine? Ni... ni risasi? Wapi banapiga?

Adolphine: Apana, apana. Ni mama. Anatwanga sombe, majani ya muhogo.

Bucumi: [anapumua] Sombe.

Adolphine: Ndiyo, sombe. Yenye inaogelea.

Bucumi: Mi sikusema inaogelea.

Adolphine: Ulisema! Ulikaa kwetu, mama alikutandikia meza, akakuwekea sombe na ndagala, we ukaangalia mu sahani, ukasema, "Ii, hii sombe yenu inaogelea mu mawese."

Bucumi: Nilisema ju ya kusifu.

Adolphine: Mutu anasifuka kwa kutafuta mahali ya kupita na kijiko?

Bucumi: Na we ukaniambia nini? "Enda ukakule ya dada yako!" Mbele ya bageni! Mutu mwenye iko na miaka makumi mbili na tisa!

Adolphine: Na ukaenda.

Bucumi: Nikaenda.

Adolphine: Bila kuaga.

Bucumi: Hasira haiagaki. Adolphine.

Adolphine: Nini?

Bucumi: Haujaniuliza kwa nini niliamini haraka vile. Kama mi ni tif.

Adolphine: Juu haukukuya mu masomo.

Bucumi: Ile pia. Lakini... iko kitu kingine. [Anashusha sauti.] Sahani.

Adolphine: Sahani gani?

Bucumi: Ya chuma. Yenye maua ya bleu.

[Du, du, du.]

Adolphine: [ananong'ona] Bucumi, apana.

Bucumi: Nilifika Lweba. Mama mumoja njiani akaniangalia mukono, akanisalimia, "Karibu chakula." Njo nikaona. Nilitembea kutoka kwenu mpaka Lweba na sahani mukononi, na bugali juu yake.

Adolphine: Mama iko anaitafuta wiki mbili! Amegeuza nyumba yote! Amegombana na Fanny wa apa jirani! Fanny amefunga ata kanjia ketu ka kuchotea maji! Na we umeikalia?

Bucumi: Ningefanya nini?

Adolphine: Ungerudisha!

Bucumi: Nirudi na hasira yote ile, nisimame ku muryango, niseme, "Pardon, bado nimekasirika, lakini shika chombo yenu"? Hasira gani inarudishaka vyombo?

Adolphine: Bucumi, ile sahani mama alipewa siku ya ndoa yake. Amekimbia nayo mara tatu. Alivuka nayo ziwa imefungwa ku tumbo, na mi ku mugongo. Vita yote ile haikuibeba. Unaibeba we, ju ya sombe!

Bucumi: [karibu kulia, karibu kucheka] Usiseme vile. Iko muzima. Nimeiweka chini ya kitanda, mu kikapu ya vitambaa. Ata kakwaruzo haijapata. Nitaileta Jumamosi, kama iko Jumamosi.

Adolphine: Iko Jumamosi. Baba mudogo akifika, mi nitamueleza neno. Akielewa, kwisha.

Bucumi: Basi nieleze vizuri, nikikupata njo na ye atakupata. Mama yako na Fanny, ile ni tiff?

Adolphine: Apana! Fanny alileta mpaka chef wa avenue, mukubwa wa mutaa. Ile iko na neno ingine, kubwa, tutaisoma mwezi ujao.

Bucumi: Na Nijimbere na bibi yake? Juzi alimurushia kiatu.

Adolphine: Kiatu ilimupata?

Bucumi: [mbali] Ilikupata? [Anarudi.] Anasema ilipita.

Adolphine: Ikipita ni tiff. Ikipata, inaanza kuwa kitu kingine.

Bucumi: Na ile redio inasemaka kila asubuyi? "Mapigano kadogo uku juu ku milima, hali imetulia." Ile?

[Du, du, du.]

Adolphine: Apana, fundi. Ile usiitie umu. Ata bakisema kadogo. Mi niliuliza mwalimu swali ile ile, na ye kwabo ni uku uku milimani, alifuta ubao mbele ya kunijibu. Akasema tiff haina mufu. Haina mutu wa kufunga bintu yake mu kitenge. Kisha tiff, kila mutu analala kwake.

Bucumi: Kila mutu kwake.

Adolphine: Njo maana niliipenda. Sisi uku tuko na maneno ya vita mpaka yanamwagika. Ya kukimbia, ya kujificha, ya kuhesabiana. Hatukuwa na kaneno ka ugomvi yenye haimalize kitu. Nikajisemea, hii nitamutumia fundi. Ni yetu.

Bucumi: Umesema fundi.

Adolphine: Wapi?

Bucumi: Mara mbili. Tangu ile siku ya sombe haujaniita fundi.

Adolphine: Ni mutandao. Na robe yangu ya ndoa, uliiacha?

Bucumi: Robe gani?

Adolphine: Bucumi.

Bucumi: Inabakia vifungo.

Adolphine: [sauti imebadilika] Vifungo tu? Wakati tuliachana haikuwa ata na mikono.

Bucumi: Sasa iko nayo. Yote mbili.

Adolphine: Ulikuwa umekasirika na ulikuwa unashona?

Bucumi: Nilikuwa nashona na hasira. Kila pedali nilikuwa nasema, "Inaogelea! Inaogelea!" Utaona mushono wake. Ile robe ata ng'ombe wawili bakivuta haipasuke.

Adolphine: [anacheka, anavuta kamasi] We ni mupumbavu kabisa.

Bucumi: Unalia?

Adolphine: Ni kitunguu.

Bucumi: Mu sombe munatia kitunguu?

Adolphine: Usianze!

Bucumi: Sianze, sianze— Adolphine, nasikia moto. Ni uku kwangu ama uko kwako?

Adolphine: Ni uku. Ni bo! Vainqueur anaingia mu uwanja, kuku zinaruka. Baba yako mudogo anashuka. Oo, koti yote ni vumbi nyekundu, nyusi pia.

Bucumi: Iko na uso ya namna gani?

Adolphine: Ya mahubiri.

Bucumi: Umueleze mbio, mbele ya kuapa! Akisha kuapa harudiki nyuma!

Adolphine: [mbali] Karibu, papa! Jambo yenu! Habari ya safari? ... Kiti hii hapa... Papa, ile meseji, mi... [Anarudi, ananong'ona.] Amekataa kiti. Amekataa maji. Mama ameacha kutwanga, ameshika mutwangio mukononi. Fanny amesimama ku uzio wa lupango na ndoo tupu, anajifanya anaenda kuchota.

Bucumi: Anasema nini?

Adolphine: Anasema mutoto akae kimya wakubwa bazungumuze. Amenyoosha mukono. Amefunga macho... Anaapa. "Mu nyumba yetu, tangu babu, ata sindano ya mutu haijalala."

Bucumi: Oyaa. Sindano?

Adolphine: Sindano, chumvi, na jembe yenye haina mupini. Anaendelea. Mama haelewi kitu, ananiangalia. Anafikiri muzee amepata jua ya kichwa.

Bucumi: Bora aape, iko sawa, sahani iko apa chini ya kitanda. Akimaliza, umueleze.

Adolphine: Ndiyo. Sasa mama anamuambia, "Papa, ulitoka mbali, mukubwa hasemaki na njala, nikupakulie." Anakataa. Anasema hakulaki kwa batu benye banaita muzao wake mwizi. Iko na chakula yake.

Bucumi: Njo ye kabisa. Anabebaka yake ata ku harusi.

Adolphine: Kweli iko nayo, mu kitambaa. Amefungiwa vizuri, kitu ya muviringo.

Bucumi: Muviringo?

Adolphine: Muviringo, bapa chini.

Bucumi: Ngoja. Ngoja! [Mbali, anapiga kelele.] Kaneza! Dada Kaneza! Chakula ya baba mudogo, ulimufungia mu nini? ... Mu nini? ... Uliitoa wapi? ... [Anarudi, hana pumzi.] Adolphine. Adolphine, usimuache afungue.

Adolphine: Juu ya nini?

Bucumi: Kaneza alitafuta sahani ya heshima, juu muzee anaenda kwa bakwe! Akaikuta mu kikapu ya vitambaa!

Adolphine: Yesu!

Bucumi: Shika kitambaa!

Adolphine: [mbali] Papa! Papa, nikusaidie kufungua, nikupashie moto... Apana, papa, mi sisemi muko muzee... [Anarudi.] Amenichapa vidole!

Bucumi: Umuite Vainqueur! Umuambie moto inawaka!

Adolphine: Anafungua. Fundo ya kwanza.

Bucumi: Adolphine!

Adolphine: Fundo ya pili. Na bado anasema sindano.

[Mtandao unakwaruza.]

Bucumi: Haloo? Haloo? Umekatika? Haloo!

Adolphine: [sauti ndogo sana] Niko apa.

Bucumi: Na?

Adolphine: Maua ya bleu.

Bucumi: Mama?

Adolphine: Mutwangio imeanguka. Amesema tu, "Sahani yangu." Fanny amesema, kwa sauti, "Aah." Ile "aah" yake ilifika mpaka ku ziwa.

Bucumi: Na baba mudogo?

Adolphine: Anaangalia sahani. Anaangalia mama. Mukono ya kuapa imerudi juu, ameisahau apo. Sasa ananiona na simu. Anakuja. Bucumi, anakuja, ananyang'anya—

Muzee Nimbona: Haloo! Bucumi!

Bucumi: Ndiyo, baba.

Muzee Nimbona: Hii sahani ni ya nani?

Bucumi: Ni ya... ni ya mama mwenye iko mbele yako, baba.

Muzee Nimbona: Nimeapa! Kwa koti na kwa Biblia! Nimesema sindano! Na mu mukono yangu niko na sahani! Chakula yangu mwenyewe iko juu yake!

Bucumi: Baba, niliibeba kwa kusahau, nilikuwa na hasira—

Muzee Nimbona: Kimya! Mi nilitukana huyu binti njia yote mpaka Vainqueur masikio yakamuuma. Kumbe aliandika ukweli. Tif! Na akatia "only," kusema "tu," kwa huruma! Binti, pardon. Kingereza yako ni safi. Mama, shika chombo yako, mi narudi, hatustahili. Ndoa imekufa.

Bucumi: Baba, apana! Tif si tif! Iko tif na tif!

Muzee Nimbona: Na we sasa ni mulevi pia?

Bucumi: Iko ya F mbili! Muulize! Adolphine, umuletee cahier! Daftari ya masomo! Nijimbere, kidogo tu, naomba, kidogo— Adolphine!

Adolphine: [mbali kidogo na simu] Iko apa, papa. Mwalimu aliandika ku ubao, mi nikaandika umu. Muone, T, I, F, F. Si ile ya viatu.

Muzee Nimbona: [anasoma polepole] Ti... i... Hii kweli iko na mukia mbili. Na maana yake?

Adolphine: Ni ugomvi kadogo, papa.

Muzee Nimbona: Naona mustari mbili apa, we umesoma moja. Soma yote. Mi nimeapa mara moja leo bila kusoma chini, sirudilie.

Adolphine: Yote?

Muzee Nimbona: Yote! Kwa sauti, mama asikie, na huyu wa ndoo pia asikie, juu naona hachote maji.

Bucumi: Soma, Adolphine, unité inaisha!

Adolphine: [anakohoa] "Tiff. Ugomvi kadogo, bila sababu kubwa..."

Muzee Nimbona: Endelea.

Adolphine: "...kati ya batu..."

Bucumi: Wawili. Aliniambia. Batu wawili.

Adolphine: "...kati ya batu benye..."

Muzee Nimbona: Benye nini?

Adolphine: "...benye banapendana."

[Kigelegele kirefu, na kingine cha jirani.]

Bucumi: Haloo? Mutandao imekwaruza. Kati ya batu benye nini?

Adolphine: Umesikia.

Bucumi: Sikusikia. Walahi sikusikia.

Adolphine: Umesikia, Bucumi!

Muzee Nimbona: Hakusikia. Mutoto, urudilie. Na Vainqueur alikuwa anafunga moto, na ye hakusikia.

Adolphine: [anapaza sauti] BENYE BANAPENDANA! Sasa mumesikia bote mpaka Lusenda!

Bucumi: [taratibu] Nimesikia.

Muzee Nimbona: Bucumi. Wiki mbili ilipita mulikuwa na hii ya F mbili?

Bucumi: Ndiyo, baba.

Muzee Nimbona: Na sababu ilikuwa nini?

Bucumi: Sombe, baba. Nilisema inaogelea mu mawese.

Muzee Nimbona: Mi nimetoka na moto, na koti, na Biblia, juu ya sombe! Mama, unanisamehe? ... Anafanya nini sasa, huyu mama? Binti, mama yako anatia kidole mu chakula yangu.

Adolphine: Anaonja sombe ya Kaneza, papa.

Muzee Nimbona: Na mbona anacheka?

Adolphine: [hawezi kusema kwa kicheko] Anasema... anasema, "Masikini! Hii sombe ni kavu, ina kiu!" Anasema sasa amemuelewa mukwe wake. Mutu mwenye alikulia mu jangwa, akiona ziwa, lazima aseme inaogelea!

Muzee Nimbona: Muambie aniletee ile yake. Hii yangu mumpe mbuzi. Shika simu yako, mi naenda kukaa. Ile kiti bado iko?

[Kelele, vicheko, vyombo.]

Adolphine: Bucumi? Uko tena?

Bucumi: Niko. Nijimbere amekaa chini, ameshika kichwa. Baba mudogo anafanya nini?

Adolphine: Anakula. Amevua koti. Mawese imefika mu kiwiko ya mukono. Mama anamuuliza kama inaogelea, anasema, "Inaogelea, na mi niko naogelea nayo, musiniokoe." Mama amemuita Fanny akuye kukula, na Fanny amekuya! Ni ye anaosha sahani, anasema anataka kuiona kwa macho yake.

Bucumi: Basi Jumamosi iko.

Adolphine: Jumamosi iko.

Bucumi: Adolphine. Uliniambia "kati ya batu wawili." Ukakata apo.

Adolphine: Unité yako ilikuwa kidogo. Nilikuwa nakuchungia.

Bucumi: Uliiba nusu ya neno.

Adolphine: Na we sahani nzima!

Bucumi: Basi tuko batif wawili.

Adolphine: Ile ni ya ulimi, fundi. Toa ulimi.

Bucumi: Thhhief.

Adolphine: Voilà. Utapita mutihani. Jumamosi utakuya na njala, umesikia? Mama anasema utakulia mu sahani ile ile, na utamaliza, na ataikamata pembe moja mpaka unamaliza.

Bucumi: Nitamaliza. Ata ikiwa ziwa. Adolphine, iko inapiga bip. Ile nusu yenye ulificha...

Adolphine: Ndiyo?

Bucumi: Mi pia, tangu ile siku ya kwanza ulikuya kupimisha kitambaa, mi—

[Bip. Bip. Tuu, tuu, tuu.]

Adolphine: Haloo? Bucumi? Fundi? ... Haloo? Unité imeisha, mama. ... Alikuwa anasema nini? Hakuna. Alikuwa anauliza vifungo. ... Ndiyo, papa, vifungo tu. ... Vifungo, nimesema! Fanny, na we pia? Mbona munacheka bote?